Afrika Inaanzia Wapi? Jiografia, Historia na Utambulisho wa Bara Letu

Mtu akiitazama Afrika katika ramani huona jambo linaloonekana kuwa wazi kabisa. Bara limezungukwa na maji pande zote isipokuwa pale Suez, na hata pale mfereji uliofunguliwa Novemba 1869 umeikata shingo ya ardhi iliyokuwa ikiliunganisha na Asia. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba utambulisho wa Mwafrika umeandikwa katika ardhi yenyewe, na kwamba historia ilikuja baadaye tu kulijaza umbo lililokwisha kuwapo. Makala haya yanajaribu kuonyesha kwamba sivyo ilivyo. Ardhi iliweka njia na vizuizi. Lakini ni wanadamu walioamua, kwa nyakati mbalimbali na kwa sababu zao, kipi kiitwe njia na kipi kiitwe ukuta. Maamuzi hayo ndiyo yaliyotuletea majina tunayoitana leo. Na kwa kuwa baadhi yake yamepenya hadi katika namna tunavyofundisha historia ya Kanisa, suala hili haliwahusu wanajiografia peke yao.

Jina lililokua

Wagiriki wa kale waliiita nchi iliyokuwa kusini mwa bahari yao Libya, na hawakukubaliana ilikoishia. Herodoto, aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aliwacheka wale waliosema kwamba mpaka wa Asia na Libya ni mto Naili. Kama ni hivyo, alihoji, Misri ingekuwa nchi moja iliyokatwa vipande viwili, na ile Delta iliyo kati ya matawi ya mto isingekuwa ya upande wowote. Hoja yake ilikuwa nzuri, lakini haikuumaliza ubishi. Waandishi wengine waliendelea kuutumia mto kuwa mpaka kwa karne nyingi, hali wengine waliusogeza mpaka huo hadi Bahari ya Shamu.

Jina "Afrika" nalo lilikuwa dogo hapo mwanzo. Warumi walipoiangamiza Karthago mwaka 146 kabla ya Kristo, waliifanya nchi iliyouzunguka mji huo kuwa jimbo, wakaliita Africa kwa kufuata jina la wenyeji waliowaita Afri. Jimbo hilo la kwanza halikuzidi sehemu ya kaskazini ya Tunisia ya leo. Waarabu walipofika walilitamka Ifriqiya, nao pia walimaanisha nchi hiyo hiyo na jirani zake. Ilichukua karne nyingi kwa jina hilo kuenea hadi kumfunika mtu wa Kilwa, wa Kongo na wa Rasi ya Tumaini Jema, ambao wao wenyewe hawakuwa wamelisikia kamwe. Msomaji wa Matendo ya Mitume hatashangaa, maana ile Asia ambamo Paulo alikatazwa kulihubiri neno (Mdo. 16:6) si bara la Wachina na Wahindi, bali ni jimbo la Kirumi ambalo mji wake mkuu ulikuwa Efeso. Mabara mawili makubwa kuliko yote duniani yanaitwa kwa majina ya majimbo mawili ya dola moja.

Tuangalie pia Madagaska. Kisiwa hicho kiko umbali wa kilomita 400 hivi kutoka Msumbiji, lakini lugha yake ina udugu wa karibu na lugha za kisiwa cha Borneo, ng'ambo kabisa ya Bahari ya Hindi, kwa maana mababu wa baadhi ya watu wake walisafiri kutoka huko kwa ngalawa. Mtu akipima kwa lugha atakitoa kisiwa hicho katika Afrika; akipima kwa umbali atakiingiza. Wamalagasi wenyewe, viongozi wa nchi huru walipokutana Addis Ababa Mei 1963, walikuwa miongoni mwa nchi 32 zilizotia sahihi katiba ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Hapo palifanyika uamuzi wa watu. Ardhi peke yake isingeweza kuufanya.

Nchi yenye milango migumu

Hata hivyo si haki kuidharau ardhi. Bara letu lina eneo la kilomita za mraba milioni 30 hivi, na kutoka ncha ya kaskazini iliyoko Tunisia hadi Rasi ya Agulhas kusini ni kama kilomita 8,000. Lakini pwani yake ni fupi kwa kulinganisha na ukubwa huo. Ulaya, ambayo ni kama theluthi moja tu ya Afrika, ina pwani ndefu zaidi, kwa sababu bahari imeingia na kuitoboa kila upande, ilhali mwambao wa Afrika umenyooka na una bandari chache za asili. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya bara ni nyanda za juu ambazo hushuka ghafula kuelekea baharini, na mito hushuka pamoja nazo kwa maporomoko. Wareno waliufikia mlango wa mto Kongo katika miaka ya 1480, lakini hawakuweza kuupanda mbali kwa merikebu zao, kwa sababu ya maporomoko yaliyoko kati ya Matadi na mahali ilipo Kinshasa. Reli ya kuyazunguka maporomoko hayo ilikamilika mwaka 1898. Kati ya tarehe hizo mbili ni karne nne.

Kuna mlinzi mwingine mdogo zaidi. Mbung'o aliwaua farasi na ng'ombe katika maeneo makubwa ya katikati ya bara, hata mizigo ikalazimika kubebwa vichwani na mabegani mwa wanadamu. Malaria nayo iliwaua wageni kwa wingi, mpaka matumizi ya kwinini yalipoenea katikati ya karne ya 19. Kwa hiyo, ukiacha sehemu kama vile Rasi, Angola na bonde la Zambezi, Wazungu walikaa katika ukingo wa bara kwa muda wa karibu miaka 400, wakinunua kile walicholetewa na kuandika juu ya kile ambacho hawakukiona.

Wako waandishi ambao kutokana na mambo haya wameruka moja kwa moja hadi kwenye umaskini wa leo, kana kwamba mbung'o na maporomoko ndio waliotutungia historia. Sikubaliani nao. Mto Kongo ule ule uliowazuia Wareno, juu ya maporomoko ni barabara ya maji ya maelfu ya kilomita, na Wabobangi walifanya biashara humo kwa mitumbwi muda mrefu kabla ya meli za moshi. Nyika ile ile iliyowakatalia punda na farasi ilipitwa na Wanyamwezi kwa miguu, mamia ya kilomita kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, kwa mpango na nidhamu iliyowastaajabisha wageni waliofuatana nao. Mlango mgumu kwa mtu anayebisha hodi kutoka baharini si lazima uwe mgumu kwa walio ndani.

Jangwa si ukuta

Mahali ambapo jiografia imesomwa vibaya kuliko popote ni Sahara. Jangwa hili lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba milioni 9, yaani linaweza kuimeza Tanzania Bara pamoja na Visiwani karibu mara kumi. Ni kweli kwamba linatisha. Lakini halikuwa jangwa siku zote. Kati ya miaka 11,000 na 5,000 hivi iliyopita mvua zilinyesha huko, maziwa yakajaa, na watu wakavua samaki na kuchunga ng'ombe. Michoro yao katika miamba ya Tassili n'Ajjer, kusini mwa Algeria, ipo mpaka leo. Nchi ilipoanza kukauka, watu wale walihama, wengine kusini, wengine kaskazini, wengine mashariki kuelekea bonde la Naili. Wale wanaosema kwamba watu wa pande mbili za jangwa hawana uhusiano wowote wanasahau kwamba jangwa lenyewe ni jipya kuliko uhusiano huo.

Tena ngamia alipozoeleka katika karne za kwanza baada ya Kristo, jangwa likawa kama bahari yenye bandari zake. Dhahabu ilipanda kutoka nchi za mito Senegali na Naija, chumvi ikashuka kutoka machimbo ya Taghaza, na miji kama Sijilmasa upande wa kaskazini na Timbuktu upande wa kusini ikaishi kwa misafara hiyo. Mwaka 1324 Mansa Musa, mfalme wa Mali, alipita Kairo akienda kuhiji Makka, naye alitoa dhahabu nyingi hata bei yake ikashuka sokoni, na waandishi wa Misri wakaendelea kulisimulia jambo hilo miaka mingi baadaye. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, alifika Kilwa mwaka 1331, na mwaka 1352 akalivuka jangwa kutoka Sijilmasa kwenda Mali. Mtu huyu mmoja aliziona pwani yetu, Misri, Moroko na nchi ya mto Naija, na kote huko alikuta wanazuoni aliosali nao, waliosoma vitabu alivyovisoma yeye.

Sisemi haya ili kulipamba jangwa. Misafara ile ile iliyobeba vitabu na chumvi ilibeba pia watumwa, wanaume kwa wanawake, kwa zaidi ya miaka elfu moja, na wengi mno walikufa njiani. Uhusiano wa kaskazini na kusini una jeraha hilo ndani yake, na mtu anayehubiri umoja wa bara bila kulitaja hasemi ukweli wote. Lakini hata jeraha ni ushahidi kwamba watu walikutana. Ukuta usingeliacha.

Basi wazo la ukuta lilitoka wapi? Katika miaka ya 1820 mwanafalsafa Hegel, akitoa mihadhara yake juu ya falsafa ya historia katika Chuo Kikuu cha Berlin, aliigawa Afrika mafungu matatu. Kaskazini aliihesabu kuwa kama sehemu ya Ulaya. Bonde la Naili aliliambatanisha na Asia. Na nchi iliyobaki, kusini mwa jangwa, aliiita Afrika halisi, akafundisha kwamba haina historia. Tazama jinsi hoja inavyojizungusha. Kila mahali palipokuwa na maandishi, mahekalu au wafalme waliojulikana na Wazungu paliondolewa kwanza katika Afrika. Kisha kile kilichobaki kikahukumiwa kuwa hakina kitu. Hegel hakuwahi kukanyaga bara hili. Lakini mgawanyo wake ulidumu, na katika vitabu vya takwimu vya mashirika ya kimataifa bado tunaukuta: "Afrika Kusini mwa Sahara" katika jedwali moja, na Misri, Libya, Tunisia, Algeria na Moroko katika jedwali lingine pamoja na Mashariki ya Kati.

Kanisa na ramani hiyo

Hapa ndipo suala linapotugusa sisi. Mwanafunzi wa theolojia akiikubali ramani ya Hegel, atalazimika kuikubali pia hesabu yake. Ukristo utakuwa umeingia Afrika mwaka fulani wa karne ya 19 kwa merikebu, nao utakuwa mgeni wa juzi. Akiikataa ramani hiyo, miaka inabadilika. Wafia dini wa Scilli waliuawa Karthago mwaka 180. Tertuliani wa mji huo huo alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika theolojia kwa Kilatini, na neno la Kilatini tunalolitumia kumaanisha Utatu tumelirithi kwake. Kipriani, askofu wa Karthago, alikatwa kichwa mwaka 258. Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, ambayo leo ni Souk Ahras katika Algeria, akafa mwaka 430 akiwa askofu wa Hippo, ambayo leo ni Annaba. Mama yake aliitwa Monika, jina ambalo wataalamu wengi huliona kuwa na asili ya Kiberiberi. Mwandishi mmoja wa Madaura aliyadhihaki majina ya Kipuniki ya wafia dini wa huko; Augustino akamjibu kwa kumkumbusha kwamba wote wawili ni watu wa Afrika, wanaandikiana wakiwa Afrika. Na adui yake Juliani wa Eclanum, aliyekuwa Mwitalia, alimtukana kwa asili yake hiyo hiyo.

Inatupasa tuwe waaminifu hapa. Afrika aliyoitaja Augustino haikuwa bara. Ilikuwa nchi ya Karthago na jirani zake, na yeye mwenyewe alikuwa raia wa Rumi aliyefundishwa kwa Kilatini. Kumchukua na kumfanya ndugu wa mtu wa Usambara bila maelezo ni kuruka hatua. Vilevile mabishano juu ya rangi ya ngozi yake, ambayo husikika mara kwa mara, ni swali la karne ya 19 lililotupwa katika karne ya 5. Watu wa zama zake hawakuliuliza kwa namna hiyo. Linaloweza kusemwa bila kosa ni hili: hakuna sababu ya jiografia wala ya historia ya kumhesabu Augustino kuwa wa Magharibi iliyo na nguvu kuliko sababu za kumhesabu kuwa wa bara alikozaliwa, alikofanya kazi na alikozikwa. Martin Luther alipoingia utawa huko Erfurt mwaka 1505 alijiunga na shirika lililobeba jina la askofu huyo, na mafundisho yetu juu ya neema yalipita katika maandiko yake.

Katika bonde la Naili na nyanda za juu za Ethiopia hadithi ni nyingine, na ndipo tunapoona ardhi na uamuzi wa watu vikishirikiana. Mfalme Ezana wa Aksum alimpokea Kristo katika karne ya 4. Sarafu zake za mwanzo zina alama ya mwezi na jua, za baadaye zina msalaba. Frumentio, aliyemfundisha, aliwekwa kuwa askofu na Athanasio wa Aleksandria, na tangu hapo Waethiopia waliendelea kuletewa askofu mkuu kutoka Misri mpaka karne ya 20. Walimpata patriarki wao wenyewe mwaka 1959. Kwa zaidi ya miaka 1,600 njia ya Naili na Bahari ya Shamu iliunganisha makanisa mawili ambayo ramani ya Hegel inayaweka katika dunia mbili. Kati yao palikuwa na falme za Kikristo za Nubia, katika Sudani ya leo, zilizoipokea Injili katika karne ya 6 na kudumu nayo kwa muda wa karibu miaka 900. Wanubi waliandika lugha yao wenyewe kwa herufi walizozikopa kwa Wakopti na Wagiriki, wakaziongezea za kwao. Kati ya 1961 na 1964, kabla maji ya bwawa la Aswan hayajaifunika Faras, wachimbaji kutoka Poland waliondoa katika mchanga kanisa kuu lenye michoro zaidi ya 100 ukutani. Mmoja unamwonyesha askofu Petro wa Nubia, mwenye uso mweusi, na nyuma yake Mtume Petro mwenye uso mweupe akimwekea mikono mabegani. Michoro hiyo sasa imegawanywa kati ya makumbusho ya Khartoum na ya Warsaw.

Kwa nini Kanisa la Karthago lilitoweka, la Nubia likafifia, na ya Misri na Ethiopia yakabaki? Milima ya Ethiopia ilisaidia, bila shaka. Lakini Misri haina milima kama hiyo, nayo Wakristo wake wapo mpaka leo. Naona kwamba lugha ilikuwa na uzito zaidi. Wakopti na Waethiopia walikuwa na Maandiko katika lugha ya watu wa kijijini, ambapo Kanisa la Karthago lilikuwa la Kilatini, na wakulima waliosema Kiberiberi na Kipuniki walibaki pembeni. Hata hivyo sababu hii haitoshi yenyewe, maana Nubia nayo ilikuwa na lugha yake katika maandishi, na bado haikusimama wakati falme zake zilipoanguka.

Bahari mbili

Kwa upande wa mashariki, bahari ilitufundisha kuhesabu mwaka kwa pepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Uhindi, na kusi ikayarudisha. Kwa kuwa baharia alilazimika kungoja upepo ugeuke, alikaa miezi, akaoa, akajifunza lugha. Kutokana na kukaa huko ilistawi miji ya mwambao ambayo lugha yake ni ya Kibantu, msamiati wake umejaa Kiarabu, na nyumba zake ni za mawe ya matumbawe. Watu wa miji hiyo hawakujiita Waafrika wala Waasia. Walijiita kwa mji na ukoo.

Jina la "Mwafrika" kama jina la watu wamoja lilizaliwa upande mwingine, na kwa uchungu. Katika muda wa karne tatu na nusu, watu milioni 12 na nusu hivi walipakiwa katika merikebu za watumwa na kuvushwa Bahari ya Atlantiki. Nyumbani walikuwa Waigbo, Wakongo, Waakan. Katika shamba la miwa mmiliki hakuzijali tofauti hizo. Kile alichokusudia kiwe jina la dharau waliookoka walikigeuza. Mwaka 1789 Olaudah Equiano alichapisha maisha yake London, na katika ukurasa wa kwanza wa kitabu alijitambulisha kuwa Mwafrika. Mwaka 1816 huko Philadelphia, Richard Allen na wenzake, waliochoka kutengwa ibadani, waliunda dhehebu la Kimethodisti lenye neno "Afrika" katika jina lake. Wakati huo huenda hapakuwa na mtu hata mmoja kati ya Tabora na Bukoba aliyejitambulisha kwa jina hilo. Mkutano wa kwanza wa Waafrika wote ulifanyika London mwaka 1900, na ule wa Manchester wa mwaka 1945 ulihudhuriwa na Nkrumah na Kenyatta. Jina lilirudi nyumbani kwa meli.

Mistari iliyochorwa mezani

Johannes Rebmann, mmisionari kutoka Württemberg, aliiona theluji ya Kilimanjaro Mei 1848. Wataalamu fulani wa jiografia huko London walimkatalia kwa miaka, wakisema haiwezekani theluji iwe karibu na ikweta. Yeye na mwenzake Erhardt walikusanya pia habari kutoka kwa wafanya biashara wa misafara, wakachora ramani yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya bara. Ramani hiyo ilikuwa na kosa, maana ni maziwa matatu yaliyounganishwa kuwa moja, lakini ndiyo iliyochochea safari ya Burton na Speke ya mwaka 1857. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha jambo linalosahauliwa: maarifa yale yalikuwa ya wapagazi na wafanya biashara wa bara na pwani, nao hawakutajwa majina katika ramani.

Mkutano wa Berlin ulikaa tangu Novemba 1884 hadi Februari 1885, na hakuna Mwafrika aliyealikwa mezani. Kinyume na inavyodhaniwa na wengi, mipaka mingi haikuchorwa katika mkutano wenyewe bali katika mapatano yaliyofuata. Mpaka wetu na Kenya ulipatanwa mwaka 1886: mstari unatoka pwani ya Umba kwenda Nyanza, nao unapinda ili Kilimanjaro ibaki upande wa Wajerumani. Hadithi ya kwamba Malkia wa Uingereza alimpa mjukuu wake mlima kuwa zawadi inapendeza, ila haina ushahidi. Lakini pindo lile lilikuwa na matokeo makubwa kuliko hadithi. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS waliokuwa Moshi tangu 1885 waliondoka mwaka 1892 kwa sababu ya uhasama na serikali ya Kijerumani, wakahamia Taveta. Mwaka uliofuata wakaja Walutheri wa Misioni ya Leipzig. Yaani Mchaga ni Mlutheri na jirani yake wa Taveta ni Mwanglikana kwa sababu ya penseli iliyopinda. Ni jambo la kunyenyekeza kwa mtu anayefundisha maungamo ya imani.

Mistari ile ile ndiyo tuliyoirithi. Nchi huru nane zilizokutana Accra Aprili 1958 zilikuwa Ghana, Ethiopia, Liberia, Libya, Moroko, Sudani, Tunisia na Misri iliyokuwa imeungana na Syria. Tano kati ya hizo ni za Kiarabu. Nkrumah aliwaambia wajumbe kwamba kama zamani jangwa liliwatenga, sasa linawaunganisha; kihistoria kauli hiyo ilikuwa na ukweli zaidi katika nusu yake ya pili kuliko ya kwanza. Mwaka 1964 huko Kairo wakuu wa nchi waliazimia kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, Mwalimu Nyerere akiwa mstari wa mbele kulitetea azimio hilo, huku Somalia na Moroko zikilikataa. Moroko ilijitoa katika Umoja mwaka 1984 kwa sababu ya Sahara ya Magharibi, ikarudi katika Umoja wa Afrika mwaka 2017. Jangwa bado lina kesi mezani.

Kwa walimu wa historia ya Kanisa limebaki swali la mtaala, la mahali pa kuanzia. Mwaka 1534 shemasi wa Ethiopia aitwaye Mikaeli alifika Wittenberg, akazungumza na Luther na Melanchthon juu ya imani na ibada. Walikubaliana katika mengi, nao wakampa barua ya kumtambulisha kwa makanisa mengine. Ilikuwa miaka 310 kabla Ludwig Krapf, aliyelelewa katika Ulutheri wa Württemberg, hajatia nanga Mombasa. Na Krapf mwenyewe hakuanza na Mombasa. Alikuwa ametumwa kwanza Ethiopia mwaka 1837, akakaa katika nchi ya Shoa, akazisoma lugha zake. Mlango wa huko ulipofungwa, alishuka pwani ya Waswahili mwaka 1844 akitafuta njia ya kuwafikia Waoromo kutoka kusini.